Masijala Bila Karani

Nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni "imeunganishwa". Siku hizi ukiingia katika ofisi ya shule, ya chuo, ya hospitali au ya halmashauri, ukauliza kumbukumbu zao zinatunzwaje, utajibiwa kwa fahari kwamba seva imeunganishwa na chombo cha hifadhi kilichomo katika mtandao wa ofisi. Kwa anayejibu, mambo yamekwisha. Waya umechomekwa, taa ya kijani inawaka, risiti imo katika jalada la mhasibu, na kilichobaki ni kufunga mlango na kwenda nyumbani. Mimi nasema mambo hayajakwisha. Kwa hakika hata hayajaanza. Kuunganisha si kuhifadhi, na mkuu wa ofisi anayedhani kwamba ni kitu kimoja ameiacha masijala yake bila karani.

Najua nitaulizwa: wewe mzee wa miaka sabini na zaidi, uliyetumikia kwa chaki na taipureta, mambo ya seva umeyajulia wapi? Swali ni la haki, nami nitalijibu. Nilifundisha walimu kwa miaka mingi, na miaka ya mwisho ya utumishi wangu nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mambo ya kompyuta nimejifunza zaidi baada ya kustaafu, pole pole, kwa kuketi kando ya vijana na kuwauliza mpaka wakachoka. Lakini utunzaji wa kumbukumbu sikufundishwa na kompyuta. Niliufahamu katika masijala, na masijala ina kanuni zake ambazo hazikubadilika siku karatasi ilipogeuka kuwa umeme.

Vijana wengi hawakuiona masijala ya zamani, kwa hiyo nieleze kidogo. Palikuwa na makabati ya chuma, na palikuwa na karani. Kila jalada lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa katika rejista. Jalada halikutoka bila sahihi, na lililotoka lilifuatiliwa mpaka likarudi. Majalada ya siri yalikuwa na kabati lao na ufunguo wao. Karani alipokwenda likizo alikabidhi kwa maandishi, na aliyepokea alihesabu kabla ya kutia sahihi. Sasa niambie, ndugu msomaji, katika masijala ile aliyehifadhi alikuwa nani? Kabati? La hasha. Kabati lilikuwa chuma tu. Aliyehifadhi alikuwa karani, na juu yake mkuu wa chuo aliyeingia humo mara kwa mara na kuomba aonyeshwe jalada hili au lile.

Tukielewe basi chombo chenyewe, maana si haki kukilaumu wala kukisifu kitu tusichokijua. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Diski zake za ndani hujaa, au huonekana hazitoshi, ndipo linaponunuliwa sanduku jingine lenye diski kadhaa, likawekwa katika mtandao wa ofisi, na seva ikalifikia kwa waya. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilipotoa diski ya kwanza ya biashara, mtambo mmoja ulikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na wote kwa jumla ulibeba herufi zipatazo milioni 5. Leo diski unayoweza kuishika kwa mkono mmoja hubeba zaidi ya mara milioni moja ya hizo. Chuo kizima, tangu siku kilipofunguliwa, kinaenea ndani ya sanduku moja linalokaa juu ya meza. Hapo ndipo penye baraka, na hapo hapo ndipo penye hatari: zamani ili upoteze majalada yote ilibidi jengo liungue, siku hizi kosa la dakika moja linatosha.

Njia kuu za kuunganisha seva na sanduku ni mbili. Ya kwanza ni ile ya mafaili, na iliyo mashuhuri kati ya seva na seva inaitwa NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Hapa sanduku lenyewe ndilo linalojua mafaili yamepangwaje; seva huomba faili, ikapewa. Ni kama masijala yenye dirisha. Njia ya pili inaitwa iSCSI, ambayo kanuni zake zilitangazwa rasmi mwaka 2004. Hapa sanduku halijui faili ni nini. Linaipa seva kipande kitupu cha diski kupitia waya wa mtandao, na seva hukitumia kana kwamba ni diski iliyomo tumboni mwake. Ni kama kumpangisha mtu chumba kitupu na kumpa ufunguo. Atakachopanga humo, na jinsi atakavyokipanga, ni juu yake.

Wauzaji hupenda kusema kwamba tofauti hizi ni za mafundi peke yao. Si kweli. Katika njia ya kwanza, seva kadhaa zinaweza kutumia folda moja bila kugombana. Katika njia ya pili, ukizipa seva mbili za kawaida kipande kimoja cha diski bila kuweka utaratibu maalumu wa kupeana zamu, kila moja itaandika bila kujua mwenziwe ameandika nini. Wachukue makarani wawili, uwape leja moja, na kila mmoja awe na hesabu yake kichwani kuhusu ukurasa ulio wazi. Baada ya siku chache leja ile haisomeki tena. Nazo seva zote mbili zitakuwa zinawaka taa ya kijani.

Njia ya kwanza nayo ina mtego wake. Ikiwekwa kama inavyowekwa mara nyingi, NFS humwamini mtu kwa namba, siyo kwa jina. Seva ikisema kwamba anayeomba ni mtumiaji namba 1001, sanduku hukubali. Sasa, katika seva ya utawala namba 1001 inaweza kuwa ni mkuu wa taaluma, na katika seva ya chumba cha kompyuta namba hiyo hiyo ikawa ni ya mwanachuo wa mwaka wa kwanza. Fundi asiyelinganisha namba hizo, akaziruhusu seva zote mbili kulifikia sanduku, amemkabidhi mwanachuo kalamu ya mkuu wa taaluma. Huyu naye ataandika katika ripoti yake kwamba kazi imekamilika.

Pengine msomaji atasema: haya yote ni kwa ajili ya makaratasi tu? Nitamkumbusha mwezi wa Aprili mwaka 2017, ilipotangazwa nchini Tanzania kwamba watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Siku zile hapakuwa na mtumishi aliyekichukulia cheti chake kwa mzaha. Kila mmoja alitambua kwamba kati yake na mkate wake pana maandishi, na kwamba maandishi aliyonayo mkononi hayana nguvu kama hayana ndugu yake katika ofisi alikotoka. Mwongo huogopa kumbukumbu, bali mwenye haki huzitegemea. Mwalimu aliyesoma kwa jasho lake, akafaulu, akapangiwa kazi kijijini, miaka 15 baadaye anataka kujiendeleza na anaombwa matokeo yake ya chuo. Huyo hana mlinzi mwingine isipokuwa masijala. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wajibu wa kuzilinda taarifa za watu juu ya taasisi iliyozikusanya. Taasisi haiwezi kusema, "Muulizeni aliyetuuzia."

Nitoe mfano ambao matokeo yake niliyaona kwa macho yangu. Chuo sikitaji, wala muuzaji simtaji. Wapo wengi wa namna hiyo. Muuzaji alikuja na sanduku la diski nne, akaliunganisha na seva mchana mmoja, akatiliwa sahihi ya kupokelewa, akaondoka. Folda moja ndani ya seva ilifanywa kuwa mlango wa sanduku: kila kilichowekwa katika folda hiyo kilikwenda kukaa sandukuni. Mambo yalikwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha usiku mmoja, mwanzoni mwa muhula, umeme ulikatika ukarudi alfajiri. Seva iliamka upesi. Sanduku, lenye diski nne za kuamsha na kukagua, lilichelewa. Seva ikabisha hodi, haikuitikiwa. Na kwa kuwa ilikuwa imeagizwa isisubiri, ikaendelea na shughuli zake.

Hapo ndipo penye siri ambayo kila mkuu wa ofisi anapaswa kuifahamu. Ile folda iliyokuwa mlango haikutoweka. Ilibaki pale pale, na jina lake lile lile, ila nyuma yake hapakuwa tena na sanduku. Palikuwa na diski ndogo ya seva yenyewe. Wakufunzi walipoanza kuingiza alama za mazoezi ya kufundisha, programu ilijitengenezea folda ya muhula mpya, ikapokea kila kitu bila kunung'unika. Hakuna aliyehitaji majalada ya zamani katika majuma yale, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba hayaonekani. Muhula mzima uliandikwa mahali pasipo pake. Diski ya seva ilipokaribia kujaa, seva ikawa nzito, na muuzaji akaitwa. Alimwambia mkuu wa chuo, "Usiwe na wasiwasi, Mkuu, data zote ziko kwenye sanduku." Akaifuta seva, akaisuka upya, akaiunganisha tena. Taa ya kijani ikawaka. Alama za muhula ule hazikuwamo sandukuni, na mahali zilipokuwa pamekwisha kufutwa.

Mimi niliitwa baada ya hapo, kwa heshima ya uzee, nitoe ushauri. Nilikuta wakufunzi wakipekua madaftari yao ya zamani na kuwapigia simu walimu wa shule za mazoezi. Baadhi ya wakufunzi walikuwa wamehamishwa. Alama nyingi zilipatikana. Nyingine hazikupatikana kabisa, na wanachuo wenye alama hizo walilazimika kurudia mazoezi ya kufundisha wakati wenzao wakisubiri ajira. Walirudia kwa gharama zao, vijana wasiokuwa na kosa lolote.

Mkufunzi mmoja kijana, ambaye alisoma kompyuta chuo kikuu, ndiye aliyenieleza yote haya hatua kwa hatua. Alianza kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, mambo haya ni ya kiufundi mno, yatakuchosha." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Nichoshe." Alipomaliza nilimuuliza swali moja tu: ni nani katika chuo hiki ambaye kazi yake ilikuwa kulichungulia sanduku kila asubuhi na kuona kama kilichoandikwa jana kimo? Alinyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, hakuna. Tulidhani linajiendesha." Nakwambia, ndugu msomaji, chanzo cha maafa yale kiko katika jibu hilo. Umeme hukatika, sanduku huchelewa kuamka, hayo ni maumbile yao. Lakini katika masijala ya zamani, siku tatu zisingepita kabla karani hajasema kwamba majalada yanawekwa katika kabati lisilo lake.

Tena dawa ilikuwepo, na haikuwa ya gharama. Kijana yule aliitaja kwenye vidole vyake. Kwanza, seva iagizwe kusubiri sanduku, na kama halikuja isianzishe programu ya alama. Pili, folda ya mlango ifungwe isiandikike wakati sanduku halipo nyuma yake, ili programu ikatae na kupiga kelele badala ya kupokea kimya kimya. Tatu, ndani ya sanduku liwekwe faili moja dogo la alama, na programu isiandike kitu kabla haijaliona. Nne, sanduku na seva viwekewe betri ya dharura, navyo viwashwe kwa mpangilio: sanduku kwanza, seva baadaye. Katika haya manne, lililohitaji fedha ni betri tu. Matatu yaliyobaki yalihitaji mtu anayejua kwa nini yanahitajika, na muda wa saa chache ambao muuzaji hakuwa nao, kwa sababu chuo kilimlipa kwa kuunganisha. Hakikumlipa kwa kuhifadhi.

Sasa nigeukie hoja za wapinzani wangu, maana ninao, na baadhi yao ni rafiki zangu wakuu wa vyuo.

Hoja ya kwanza husema: "Mambo haya ni ya mafundi. Mkuu wa chuo ana kazi zake." Nakubali kwamba mkuu wa chuo hahitaji kujua amri ya kuandika katika seva, kama vile asivyohitaji kujua kupika ugali wa wanachuo mia nne. Lakini mkuu asiyejua kupika huingia jikoni, hufunua sufuria, huuliza unga umebaki magunia mangapi. Ni nani aliyetufundisha kwamba chumba cha seva ni mahali patakatifu ambapo mkuu haulizi? Mhasibu hukaguliwa, mtunza stoo hukaguliwa, matroni hukaguliwa. Anayeshika maisha ya wanachuo wote tangu chuo kianzishwe hakaguliwi, kwa sababu tu anazungumza maneno tusiyoyaelewa!

Hoja ya pili husema: "Sanduku letu lina diski nne, moja ikifa, nyingine zinaendelea." Ni kweli, na wazo hilo ni la watu wenye akili. Mwaka 1988 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala iliyoeleza jinsi ya kupanga diski nyingi za bei nafuu ili kufa kwa moja kusisimamishe kazi. Mpango huo unaitwa RAID. Lakini tuusome vizuri: unakinga dhidi ya kifo cha diski. Haukingi dhidi ya mkono wa mtu. Ukifuta faili, diski zote nne hukutii papo hapo. Mwizi akilibeba sanduku, anabeba diski zote nne. Mwezi wa Juni 2021 watu wengi katika nchi mbalimbali waliokuwa na masanduku ya Western Digital yaitwayo My Book Live, yaliyokuwa wazi kwa intaneti, waliamka wakakuta yamefutwa na wavamizi. Mwezi wa Januari 2022 wavamizi wengine waliyaingilia masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa intaneti vile vile, wakayafunga mafaili kwa fumbo, na kumdai kila mwenye sanduku fidia ya bitikoini 0.03. Wingi wa diski ungewafaa nini watu wale?

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi siku hizi: "Tuachane na masanduku. Tuweke kila kitu kwenye wingu." Wingu ni neno zuri, linaloleta picha ya kitu kilicho juu, kisichoguswa na moto wala mwizi. Lakini wingu hili halikai mbinguni. Ni kompyuta za watu wengine, katika jengo la watu wengine. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la namna hiyo la kampuni ya OVHcloud liliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa na nakala moja tu humo walipoteza walichoweka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Chuo ambacho majalada yake yote yako ng'ambo kilifanya nini siku hizo? Na tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi waliyokuwa wakiitumia watumishi wa serikali kuweka kazi zao, yenye terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala mahali pengine. Sababu iliyotolewa ni kwamba hifadhi ile ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Hao ni Wakorea, mabingwa wa kutengeneza vyombo hivi hivi tunavyovinunua! Sisemi kwamba wingu ni baya. Nasema nakala moja ikae huko, kwa mkataba unaosomeka, lakini wingu lisigeuzwe kuwa kisingizio kipya cha kutokuwa na karani.

Hoja ya nne husema: "Hatuna fedha." Hoja hii inanikera, kwa sababu huitoa mtu ambaye amekwisha kutumia fedha kununua sanduku. Ameweza kununua ng'ombe, anashindwa kumtafutia mchungaji. Kumpa mkufunzi mmoja saa sita za juma katika ratiba yake, na cheo cha mtunza kumbukumbu za kompyuta, na rejista ya kurasa mia, kunagharimu kiasi gani? Diski mbili za nje za kunakilia, moja ikae chuoni na nyingine katika sefu iliyo katika jengo tofauti, kunagharimu kiasi gani kulinganisha na wanachuo kurudia mazoezi ya kufundisha?

Nimekwisha kubomoa vya kutosha. Mtu mzima anayebomoa sharti aonyeshe pa kujenga. Basi, siku muuzaji atakapokuja na sanduku lake, mkuu wa chuo asitie sahihi kabla hajauliza na kujibiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Aulize: tunaunganisha kwa njia ya mafaili au kwa njia ya kipande cha diski, na kwa nini? Kama ni kipande cha diski, ni seva ipi moja inayokimiliki, na neno lake la siri la kukifikia linatunzwa na nani? Kama ni mafaili, namba za watumiaji zimelinganishwa? Sanduku lina anwani ya kudumu, au linaweza kuamka kesho na anwani nyingine, seva isilione? Limewekwa katika njia yake ya mtandao, mbali na wanachuo? Maana waya wa gigabiti moja, hata ukiwa mtupu kabisa, hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde; ukizipitisha humo humo video za bweni zima, masijala itasimama foleni nyuma ya mpira wa miguu. Sanduku limefungiwa intaneti? Umeme ukikatika na kurudi usiku, nini kinawaka kwanza? Muuzaji asiyeweza kujibu haya aondoke na sanduku lake.

Baada ya hapo kuna kanuni ya nakala, ambayo mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kwa tarakimu tatu zilizo rahisi kukumbuka: 3, 2, 1. Nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja iwe nje ya jengo. Makarani wetu wa zamani walikuwa wakifanya hivyo kwa karatasi ya kaboni bila kuipa jina: nakala ya chuo, nakala ya mkoa, nakala ya wizara.

Lakini hata nakala hazitoshi kama hazijawahi kujaribiwa, na hapa ndipo ninaposisitiza kuliko mahali pote. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akifanya kazi usiku, alifuta data katika seva ambayo siyo aliyoikusudia. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza nakala. Walipozikimbilia, hakuna hata moja iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine, nayo data ya saa zile sita ikapotea. Nawasifu kwa jambo moja: walieleza yote hadharani ili wengine wajifunze. Kama kampuni ambayo biashara yake yenyewe ni kutunza kazi za wataalamu wa kompyuta ilikuwa na nakala tano zisizofaa, mkuu wa chuo anayesema "nakala zipo" bila kuzifungua anamtegemea nani?

Kwa hiyo nataka kila chuo kiwe na Siku ya Kurejesha, mara moja kila muhula. Siku hiyo mkuu wa chuo aingie mwenyewe, achague jina moja kutoka orodha ya wanachuo waliomaliza miaka sita au kumi iliyopita, jina lolote, bila kumwarifu mtu. Mtunza kumbukumbu achukue nakala ile iliyo nje ya jengo, siyo sanduku, alirejeshe jalada la mtu huyo katika kompyuta nyingine, na lifunguliwe mbele ya mashahidi wawili. Muda uliotumika uandikwe katika rejista, na mkuu atie sahihi. Likifunguka, chuo kina masijala. Lisipofunguka, chuo kina sanduku lenye taa, na afadhali kulijua hilo siku ya majaribio kuliko siku ambayo mwalimu wa watu amesimama dirishani akiomba matokeo yake.

Na kwa wenzangu wa vyuo vya ualimu nina neno la ziada. Sisi ndio tunaowatoa walimu wakuu wa kesho. Tunawafundisha kutunza rejista ya mahudhurio, kuandaa andalio la somo na shajara ya kazi, kutunza leja ya stoo. Tuwafundishe na hili, siyo kama somo la mafundi, bali kama sehemu ya uongozi wa shule: tofauti kati ya chombo na utunzaji. Mwanachuo atakayekwenda kuongoza shule ya kata, akakabidhiwa kompyuta moja na sanduku dogo la diski mbili, aanze kwa kuuliza karani ni nani. Akiambiwa hakuna, basi aelewe kwamba karani ni yeye mwenyewe, kuanzia siku hiyo, mpaka atakapomkabidhi mwingine kwa maandishi.